Kilomita Kumi Bila ya Kusimama

Mwalimu wetu wa mbio alitugawa makundi matatu, na mimi aliniweka la tatu. La kwanza ni vijana wepesi, ukiinama kufunga kamba ya kiatu ukiinuka hawapo. La pili ni watu wazima wenye pumzi, wanaojiandaa kwa mbio za kilomita ishirini na moja. La tatu ni sisi, akina mama sita wenye mitandio na mstaafu mmoja mwenye goti bovu, tunaokimbia kutoka nguzo moja ya umeme mpaka ya pili, kisha tunatembea nguzo mbili tukilalamika.

Nilitaka kundi la pili, na sikulitaka kwa sifa. Daktari alishanambia kuwa sukari imepanda, na sukari ndiyo iliyomweka mama yangu ghorofani, miguu imekufa ganzi, dunia yake ni dirisha moja linalotazama uchochoro wa Mkunazini. Nilikuwa na miaka arubaini na tisa na niliogopa lile dirisha. Nilijiambia kuwa nikimaliza hizo ishirini na moja, nitaamini bado sijalifikia. Na mwalimu hamwandikishi mtu asiyekuwa wa kundi la pili.

Sharti lake lilikuwa moja: kilomita kumi bila ya kusimama hata mara moja, kabla ya mwezi kwisha. Unaanzia mlangoni kwako, unakwenda mpaka Mazizini na kurudi, simu umeifunga mkononi inaandika kila hatua. Kijana mwenyewe alikulia Bara, kwetu ana miaka miwili tu, na hakujua alichokuwa akikiomba. Kukimbia nilikuwa naweza. Kutosimama katika mji niliozaliwa, ambako kila mlango una mtu aliyeniona nikiwa nanyonya, hiyo ndiyo kazi.

Mara ya kwanza nilisimamishwa hata jasho halijatoka. Nyumba ya nne kutoka kwetu anakaa bibi mmoja, rafiki wa mama tangu usichana wao. Mtu kama huyo humpiti kwa shikamoo ya kumtupia. Atataka kujua mama kaamkaje, kalala, kala nini, na kaka yako mwenye duka Mlandege, na mkewe, na yule mtoto aliyekuwa na homa. Nilimjibu huku nikirukaruka pale pale, kama mwalimu alivyotufundisha ili mwili usipoe. Akanitazama kwa huruma.

"Umebanwa, mwanangu? Ingia ndani, choo kile pale."

Mara ya pili nilimkwepa kwa uchochoro wa nyuma, nikafika Migombani salama, najisifu kimoyomoyo. Hapo mjomba wa marehemu mume wangu akasimamisha gari mbele yangu na kunifungulia mlango.

"Ingia nikupeleke."

"Nnafanya mazoezi, mjomba."

"Mazoezi utayafanya nyumbani. Ingia, watu wanatutazama."

Mkwe huyo, nimwambie nini? Nikaingia. Jioni mwalimu aliitazama simu yangu, akakuna kichwa, akaniuliza niliwezaje kukimbia kilomita sitini kwa saa.

Wote hao, na wengine ambao sikuwauliza, waliniambia kuwa haraka haraka haina baraka. Nilifika mahali nikiisikia methali hiyo nataka kuuma kitu.

Kwa hivyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi nilitoka na nia mbaya. Nilikuwa nishaamua kuwa simsalimu mtu, Mungu atanisamehe. Simu niliizima mlio, kwa sababu mwalimu alisema kupokea simu nako ni kusimama. Nikafungua mlango nikaanza mbio.

Kwenye kona nikakutana na yule bibi anatoka dukani, mikate miwili ya boflo kaikumbatia kifuani.

"We mwanangu! Kuna nini?"

Nikainua mkono, nikampita. Mdomo sikuufungua kwa maneno, pumzi nilikuwa nazihesabu, hatua tatu kuvuta, mbili kutoa. Mtandio ulikwenda upande na macho yalikuwa yamenitoka. Nyuma nikamsikia anaita Mungu. Sikugeuka.

Kwetu mwanamke mtu mzima akitoka kwao asubuhi mbio, asimsalimu mtu, huwa amebeba jambo moja tu. Nilijua. Asubuhi aliyokufa baba, mimi mwenyewe nilitoka hivyo hivyo, mlango ule ule. Hapo sina la kujitetea.

Lakini nilikimbia vizuri, lazima niseme. Kilimani, Migombani, Mazizini, nikageuza, na miguu ilikuwa inanitii kama si yangu. Nilipoingia tena Mkunazini simu ilisoma kilomita kumi, kusimama hakuna. Nilicheka peke yangu uchochoroni mpaka paka wakakimbia.

Mlangoni kwetu nikakuta viatu. Ndara, makubadhi, viatu vya kike vya kila namna, vimejaa kizingitini kama siku ya khitma. Kaka yangu alikuwa amekaa barazani, funguo za duka bado mkononi, analia. Aliponiona alinyamaza, akanigusa bega kwa kidole kimoja.

Nilielezwa baadaye. Bibi alidhani mama kafa. Aliwakusanya wanawake wa mtaa, wakapanda juu, wakamkuta mama anakunywa chai. Ingeishia hapo kwa kicheko. Lakini habari ilikuwa ishafika Mlandege, na kaka alifunga duka akaja mbio, akiuliza nani kafa. Mama akamtazama, akajitazama mwenyewe, akaona nyumba hii aliyebaki nje ni mmoja, mimi. Wakanipigia simu. Ile simu iliyoandika kila hatua yangu ilipigiwa mara kumi na tisa, mimi sina habari.

Na mama alishuka. Miaka miwili hakuwa ameshuka ngazi zile bila ya kubebwa kwenye kiti na watu wanne. Walimzuia, akawasukuma. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, kichwa wazi, yeye ambaye hata dirishani hakai bila ya mtandio. Nilimkuta kwenye ngazi ya mwisho, kanga imechanika, viganja vimechubuka.

Ningependa kusema niliona haya kwanza. Si kweli, kwanza nilipandwa na hasira.

"Nilikuwa nakimbia tu!" nikapiga kelele mbele ya wakubwa wangu wote. "Mtu hawezi kukimbia katika mji huu?"

Mama alinishika kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho alichokifikia, akakibana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Hapo ndipo haya zikanijia, na kilio juu yake.

Tulimpandisha kwa kiti, kaka, majirani wawili, na mimi. Miguu yangu iliyokwenda Mazizini na kurudi ilikuwa inatetemeka kwenye ngazi ya tano. Tulipofika katikati mama akaniuliza.

"Hayo mashindano yenu lini?"

"Baada ya wiki mbili. Lakini siendi tena, mama."

"Utakwenda." Alivuta pumzi. "Ila siku hiyo mniteremshe mapema, mniweke mlangoni. Nataka nikuone ukirudi, kwa macho yangu. Habari zako sitaki tena kuletewa na watu."