Maneno ya Mtoto wa Miaka Sita

Kaka yangu ni fundi cherehani, na wateja wamempa jina Pima Tena. Akishakupima kiuno atakupima tena, kisha atavaa miwani akupime mara ya tatu, wewe umeinua mikono kama mtu aliyekamatwa na askari. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, ndiyo kauli yake. Mimi ni mdogo wake wa kike. Chumba cha mbele ndicho duka letu, na humo kazi yangu ni vifungo, pindo, pasi na mdomo. Mdomo huo umeniponza, au tuseme ulimponza yeye, maana mkosaji ni mimi na aliyeumia ni kaka.

Binti yake aliolewa ng'ambo, akajaliwa msichana mmoja. Mtoto akakulia kwenye Kiingereza kitupu, Kiswahili chake kikaishia kwenye neno "babu". Kila Jumapili alasiri mama yake alipiga simu, nami nikaiweka mezani katikati ya mikasi ili wote tusikie. Mtoto alipokuwa na miaka sita aling'oka jino la mbele, akataka kumhadithia babu mwenyewe. Kaka akakohoa, akashika ukingo wa meza, akatoa sentensi ya Kiingereza aliyokuwa akiikusanya tangu asubuhi. Ilitoka imejisokota kama uzi uliochezewa na paka. Mtoto akacheka, kicheko cha furaha tu. Mimi nikacheka hadi nikakaa chini juu ya lundo la vitambaa.

Laiti ningeishia hapo. Wiki nzima nilimwigiza mbele ya wateja, kikohozi chake na kila kitu, na akiingia mteja mpya naanza upya. Watu wakavunjika mbavu. Kaka akakanyaga cherehani yake, kichwa chini, wala hakuniambia ninyamaze.

Jumapili iliyofuata mtoto akamwulizia babu, na kaka akanipungia mkono kwamba hapana. Nikasema babu yupo na mteja. Mteja gani Jumapili, na mlango tumeufunga? Lakini nikishasema jambo mara moja halinishindi mara ya pili, na uongo ule niliusema kwa miaka.

Kiingereza chenyewe kaka hakukiacha. Alisimama nyuma yangu na daftari la vipimo, mtoto akiongea na mama yake upande wa pili, naye akaandika kila neno aliloweza kulinasa. Jino likawa la kwanza, tooth. Ikaja bembea, swing. Likaja blanketi, kisha mtoto wa mbwa waliyempata, puppy. Kuna mwalimu mmoja wa kike anayetuletea sketi zake kupunguzwa, na kila Ijumaa alilipitia daftari na kulisahihisha. Maneno mengine kaka aliyaandika kwenye vipande vya kitambaa akavibana kwa pini juu ya vitu: pasi, kiti, birika, mlango. Bwana harusi mmoja aliondoka hapa na koti lenye kitambaa "sleeve" kwenye mkono, akarudi kesho yake amefura, eti amepigwa picha zote vile.

Mwalimu alimwambia wazi kwamba maneno anayo ya kutosha, aongee tu, akikosea mtoto atamrekebisha. Kaka akajibu bado, apitie tena kidogo. Akanitupia jicho. Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano, na sindano yenyewe ilikuwa na uzi tayari.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Niliona mtoto anavyoacha kuuliza. Mwanzo aliuliza kila Jumapili, baadaye mara mojamoja, baadaye mama yake ndiye akawa anasema msalimie baba, na sauti ya mtoto ikapotea kabisa. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu kumwambia kaka aharakishe kungenilazimu kuzungumzia kile kicheko. Kiburi hicho, hakuna zaidi.

Ilipita miaka minane hivyo. Ijumaa moja mwalimu alishika daftari, akamwuliza neno baada ya neno, na kaka hakukosa hata moja. Jumapili akanyoa ndevu, akavaa koti lake la harusini kana kwamba simu ina macho, akapiga mwenyewe.

Ikaja sauti ya msichana mkubwa, "Hello, babu." Kaka akaongea. Wallahi aliongea, maneno yamenyooka kama pindo lililopigwa rula. Akamwuliza habari za jino. Akamwuliza kama bado anapenda bembea. Akauliza kama yule mtoto wa mbwa hajambo. Msichana alijibu kwa adabu, fupi fupi, kisha akasema jambo ambalo sikulielewa, na simu ikarudi kwa mama yake. Mama akatuambia mtoto ana kazi nyingi za shule.

Nikamwuliza kaka, amesemaje? Alivua koti, akalitundika, akalipangusa bega.

"Amesema hayo yalikuwa zamani, alipokuwa mdogo. Nimeelewa kila neno." Akalifunga daftari. "Vipimo nilichukua vizuri, mdogo wangu. Mtoto ndiye amekua."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumapili iliyofuata binti yake alipopiga, nikamwomba anipe mtoto. Nikapaza sauti, dirisha wazi na majirani wanasikia, nikamwaga Kiingereza changu chote nilichookota kwenye vile vitambaa vya pini: mimi bibi, pasi, kiti, birika, mlango, vyote kwa mkupuo, bila kichwa wala miguu. Msichana akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha siku ya jino. Kisha akauliza kitu, na humo nikalisikia neno "babu".

Kaka akanipungia mkono, kama miaka yote. Safari hii sikumtaja mteja. Nikasema yes, babu yes, nikamnyoshea simu. Alisimamisha cherehani. Mguu ulikuwa bado juu ya kanyagio, macho kwenye simu, na mtoto kule akangoja. Alingoja kitambo, jamani. Kisha akaaga kwa upole, simu ikakatika mkononi mwangu.

Nikamwambia, "Kaka, nicheke. Nicheke na wewe, nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima."

Nilimtazama usoni nikisubiri, kwa sababu haki hiyo anayo na nilitaka aitumie. Hakunicheka. Aliniuliza kama nimekwisha kushona vifungo vya shati la bluu la mteja, nikamwambia bado.