Dala Ambayo Baba Hakuijenga

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kudhani kwamba baba angeweza kungoja.

Enzi zetu huku Homa Bay, mwanamume hakuhama kwa babake vivi hivi. Alfajiri alitangulia na jogoo mkononi, kifungua mimba wake akibeba shoka, mkewe akifuata na moto. Majirani walisimamisha nyumba kabla jua halijatua. Hapo ndipo alipokuwa na dala, boma lake mwenyewe. Vijana wa leo humpigia fundi simu kutoka Nairobi, kisha huja Krismasi kupiga picha getini.

Mwaka wa Uhuru mvua ilikataa kukoma, ziwa likapanda hadi kwenye mtama wa babu. Baba, aliyerudi na kikohozi kutoka machimbo ya dhahabu ya Masara, akachagua mahali mlimani pa kujenga dala yake. Siku ya kuhama waliyokubaliana wazee ikawa ndiyo hiyo ya sherehe za Uhuru. Nami, niliyejifunza kusoma peke yangu kwa magazeti ya kufungia sukari, nilikuwa nimechaguliwa kukariri shairi uwanjani. Nililirudia hata nikichunga mbuzi. Nilikuwa mtoto wa hofu. Neno moja likiteleza, naanza upya.

"Mvua ikija utajifunika shairi?" nyanya alinicheka. "Kifungua mimba gani huyu anamwachia babake shoka?"

"Mwache, Mama," baba akasema. "Serikali haizaliwi mara mbili. Dala tutajenga mvua ikipungua. Nenda, jaduong', mzee wangu, na usitetemeke."

Sikukosea hata neno. Watu walipiga makofi, nikapewa soda ya kwanza maishani mwangu, ikanitokea puani.

Mvua haikupungua. Kifua cha baba kilizidi kubana, na kabla ya mavuno akafa. Kwa desturi yetu, asiye na dala huzikwa kwa babake. Tulimzika pembeni mwa boma la babu, kama kijana ambaye hajapata kwake, maji ya ziwa yakionekana tukiwa kando ya kaburi. Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku hizi mlimani kuna lami na stima, na watoto wetu husema mbele ya watu bila kutetemeka. Boma la babu lilimezwa na ziwa mwaka uliofuata, wala halijarudishwa. Asubuhi mitumbwi ya injini hupita juu ya pale tulipomlaza baba.