Shangazi Aliyemtesa Mama kwa Sababu ya Vinundu Vyake Ameletwa Kwangu

Admin, jina langu usiliweke. Mimi ni mjane wa miaka sabini na saba, naishi Njoro, na haya anaandika mjukuu wangu nikimwambia.

Miaka ya hamsini tuliishi Dundori kwa shamba la mzungu, wazazi wangu wakichuma maua ya pareto. Mama alikuwa na vinundu laini mwili mzima tangu usichana wake. Havikumuuma. Kilichomuuma ni mdomo wa shangazi, dada mdogo wa baba, ambaye tuliishi naye. Shangazi alikataa kula chakula cha mama, akatangazia wanawake wa kambi ya wafanyakazi kwamba ule ugonjwa unaambukiza. Mama akawa anachota maji wa mwisho, peke yake.

Halafu kinundu kimoja cha pajani kikaanza kukua. Kikawa kigumu, kikamnyima usingizi. Mama alimwomba baba ampeleke hospitali Nakuru. Baba alikuwa amekubali, shangazi akaingilia: "Amekaa navyo miaka yote, leo ndio vinauma? Huyu anatoroka kazi." Baba akamsikiliza dada yake. Mama akarudi kwa pareto akichechemea, mpaka akaanguka hukohuko shambani, wakambeba kumpeleka hospitali.

Daktari alisema vile vidogo havina shida wala haviambukizi. Lakini kile kikubwa kilikuwa kimegeuka kansa, na tayari ilikuwa imefika kwa mapafu. Mama alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Kwa mazishi shangazi alilia kuliko sisi watoto. Nilikuwa na miaka tisa, na nikamchukia pale pale kaburini.

Sasa amezeeka, haoni vizuri, na hakuzaa. Ndugu zangu walikaa bila mimi wakaamua nimtunze, eti nina nyumba kubwa. Nilikataa. Leo asubuhi wamemleta na nguo zake, wakamwacha kwa veranda, wakaenda.

Nikamuuliza kama anamkumbuka mama.

"Yule wa vinundu?" akasema. "Alikuwa mvivu sana."

Nimempa chai, kwa sababu hata mbwa hanyimwi maji. Kitanda sijampa. Tafadhali msinihubirie msamaha, huo nausikia kanisani kila Jumapili. Niambieni tu: huyu mtu alale kwangu, ama nimrudishe kwao vile walimleta? Jua linatua, na bado ameketi hapo nje.