Mkate wa Mchele Mpya

Mwaka jana, mpunga ukiwa umeshavunwa, mama yangu aliniamkia. Nilikuwa nimetoka Morogoro na basi la asubuhi, nikafika nyumbani kwetu Mlabani, begi bado begani. Yeye alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Akanitazama usoni kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo."

Mimi, kitinda mimba wake. Nikasimama pale kama mdaiwa mpaka wifi yangu, ambaye ndiye anayekaa naye, akatoka ndani kunipokea begi.

"Zoea tu, wifi," akasema. "Mimi siku hizi ni muuza mboga. Jana kanifukuza, eti mchicha wangu umenyauka."

Sikutaka kuzoea. Nilimkasirikia wifi kwa kucheka, nikamkasirikia daktari aliyesema ni uzee na dawa hakuna, nikamkasirikia hata mama mwenyewe, Mungu anisamehe. Nina kichwa kigumu, na nilijiapiza kuwa sitapanda basi kurudi kabla hajaniita mwanangu, japo mara moja.

Nikaamua kumwokea mkate wa kumimina. Kati ya watoto wake wote, mimi peke yangu ndiye aliyenifundisha. Kila Krismasi na kila Pasaka tulikuwa tukitoka misa ya asubuhi, yeye hata kitenge cha kanisani hajavua, anakwenda kuangalia kama rojo limeumuka. Alikuwa mkali. Ukikoroga kwa pupa anakupiga mwiko wa vidole, kisha anakushika mkono huohuo na kukoroga nawe taratibu mpaka uelewe. Niliamini mkono ule hauwezi kunisahau.

Jioni ile nililoweka mchele. Asubuhi nikauosha, nikausaga kwa tui zito, nikatia sukari, iliki na hamira, nikaufunika kwa kitenge na kuuweka penye jua. Nikamkalisha mama karibu yake. Kwa muda mrefu alitazama kuku tu. Halafu akanyoosha mkono, akafunua pembe ya kitenge, akachungulia yale mapovu yanayopanda, akafunika tena kwa uangalifu. Wifi aliona. Hakucheka.

Nilipaka mafuta sufuria, nikaipasha, nikamimina. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama alivyonielekeza tangu nikiwa na miaka kumi. Harufu ya iliki ilipoanza kutembea uani, mama aliinua kichwa.

"Kuna mtu anaoka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Apunguze moto wa chini."

Nikapunguza kwa furaha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia akinitambua.

Nilipofunua mfuniko, mkate ulikuwa umedidimia katikati kama godoro la mgonjwa. Nikapitisha kisu, kikatoka kimegandwa na ute. Kingo zilikuwa zimeiva vizuri, zimekuwa za kahawia, lakini ndani ilikuwa gundi tupu. Nilisimama na kile kisu nikitamani kulia kwa sauti. Wifi akasema tukate kingo tumpe hivyohivyo, hatajua.

Mama alipokea kipande, hakukipeleka mdomoni. Alikiminya kwa vidole viwili, akakinusa, akakiminya tena. Uso wake ulibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimwona yeye mwenyewe, yule wa mwiko.

"Huu mchele ni mpya," akasema.

Na ulikuwa mpya. Nilikuwa nimeuchota kwenye gunia lililoletwa wiki ile kutoka shambani kwetu Malinyi, mchele unaonukia mpaka nje ya nyumba, ule ambao huku kwetu kila mtu anaugombea kwa wali. Nilimchagulia mama kilicho bora kuliko vyote. Kumbe mchele wa mkate hulazwa mwaka mzima, maana mpya unanata. Unaumuka vizuri, kisha ukipata moto unalala. Hilo nililijua. Nililijua kabla sijajua kusoma. Chini ya kitanda nilicholalia kulikuwa na debe lake la mchele wa mwaka juzi, limewekewa majani ya mwarobaini kuzuia wadudu, na halikunijia akilini. Miaka mingi ya kununua mchele wa dukani kwa kilo ilikuwa imeniondolea jambo hilo, nami nilikuja pale kumlaumu mwenzangu kwa kusahau.

"Ameoka nani?" mama akauliza.

Nikapiga magoti mbele yake ili anione vizuri. "Ni mimi, mama. Mimi mwanao."

Akanitazama. Akautazama mkate. Akanitazama tena, na macho yake yalikuwa na huruma, huruma anayopewa mtu baki aliyeharibikiwa.

"Hapana, dada," akasema. "Mwanangu hawezi kutumia mchele mpya. Yule nilimfundisha mwenyewe."

Wifi akageukia jikoni. Mama akaweka kile kipande chini, akajifuta vidole kwenye khanga, akanishika mkono.

"Usihuzunike," akaniambia. "Akija, nitamwambia akufundishe na wewe."

Nikasema asante.