Nyuki wa Tanga

Nikiwa kwenye duka la vipuri, mtaa wa Gerezani, nikisubiri pampu ya gari, niliwachekesha wateja: Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuja kumnyang'anya Mjerumani Tanga, meli zimejaa askari, wakatimuliwa na nyuki! Mwenye duka, mzee wa Kihindi, hakucheka.

"Babu yangu aliletwa na Waingereza kupigana pale," alisema. "Nyuki waliuma pande zote. Walioshinda ni Wajerumani na askari wao weusi, wachache tu, kwa bunduki. Babu alipigwa risasi ya goti."

Nikakosa raha. Baba yake babu yangu alikuwa mmoja wa askari hao, na miaka yote nimewapa nyuki ushindi wake. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mwishowe nikamwambia.

"Basi huenda ndiye aliyempiga babu," akasema, akanisogezea kiti.

Sikuweza kukaa.