Keziya wa Bujonde na Injini Iliyozama

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Keziya, Bujonde, nilikuwa na kava mbili za injini ndani ya kiroba na bei yangu kichwani. Kava zilinirudia baadaye, tena zinang'aa. Bei niliiacha hukohuko.

Mimi nanunua pikipiki zilizochoka, naziamsha, nauza. Kibanda changu kiko Kyela mjini, na wateja wangu ni watu wa Mwaya, Ngonga na Matema, na wengine huvuka mto Songwe kutoka kwa ndugu zao Malawi. Katika kazi hii nimejifunza kwamba mnunuzi haanzi kwa kuuliza injini inalia vipi. Anachuchumaa kwanza, anaitazama. Kava zikiwa zimepauka na kuota unga mweupe, atakata bei hata kama injini inalia vizuri kuliko cherehani. Zikiwa zinang'aa atasema, "Hii ilikuwa na mwenyewe." Sisemi ni busara. Nasema ndivyo macho yanavyonunua.

Habari za Keziya sikupewa na fundi yeyote. Nilikuwa arusini Ngonga, nikaona sufuria za pilau zimepinduliwa juani baada ya kuoshwa, zinaumiza macho. Nikauliza nani kazisugua. Wakanionyesha mama mfupi wa makamo, mikono myeusi hadi viwikoni, anacheka na wenzake. Sufuria ni alumini, na kava ya injini ni alumini. Sikuhitaji maelezo mengine.

Jumatatu nikawa uani kwake.

"Ugonile, dada," nikamsalimu Kinyakyusa.

"Ndaga. Karibu, kaka. Hicho kiroba kina nini? Kinavuja oili kwenye uwanja niliofagia sasa hivi."

Nikamtolea kava. Akazigeuzageuza, akanusa moja, akaikwangua kwa ukucha.

"Hii ni sufuria iliyozaliwa vibaya," akasema. "Ina makona mengi. Unataka ing'ae mpaka wapi?"

"Mpaka mnunuzi aone meno yake."

"Na wewe unatoa nini?"

Nikataja bei ya kusugulia sufuria. Akamwita jirani yake, mwalimu Marystella, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. "Mwalimu, njoo umwone mtu anayetaka injini kwa bei ya sufuria!"

Mwalimu akaja, akaegemea ua, hakuondoka tena. Nikapandisha kidogo. Keziya akatikisa kichwa. Nikajifanya naondoka, nikafika mpaka kwenye mgomba wa tatu, hakuniita. Mwuzaji asiyekuita ukimpa mgongo anajua kitu chake. Nikarudi mwenyewe.

"Haya, sema unachotaka."

"Pikipiki."

"Kwa kava mbili?"

"Kwa kava zote utakazoleta mpaka mwaka uishe. Shamba langu liko Ngonga. Ndege wanakula mpunga wangu mimi bado niko njiani natembea. Bodaboda wananikimbia, wanasema jembe langu linachana siti. Nataka ya kwangu."

Hapo nikaikumbuka ile iliyozama.

Masika ya mwaka juzi maji yaliingia kibandani kwangu, na pikipiki moja ikalala chini ya maji na tope siku tisa. Fundi wangu, Anyelwisye, aliifungua akaisafisha ndani, na injini ikawaka. Tatizo likabaki nje. Pale penye namba ya injini paliota ukoko mweupe mgumu, namba ikafunikwa yote. Watu watatu walitaka kuinunua, na wote tulikwama palepale, maana ili kubadili umiliki lazima namba ya injini isomeke na ilingane na ya kwenye kadi ya pikipiki. Anyelwisye alitaka kuukwangua ukoko kwa tindo, nikamnyang'anya. Namba ikifutika naonekana mwizi wa pikipiki yangu mwenyewe. Basi ikakaa nyuma ya kibanda, haiuziki, inakula nafasi tu.

Nikamweleza Keziya yote, sikuficha. Kitu kibovu ukikitaja ubovu wake mwenyewe, mtu hana la kukudai baadaye.

"Unisugulie injini kumi na mbili, kila moja na kava zake," nikamwambia, "nawe uichukue kama ilivyo."

"Na kadi?"

"Kadi ya nini, na namba haionekani? Siku utakayonisomea namba yote, nakupa na kadi."

"Yote?"

"Yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

"Nimesikia!" akasema mwalimu Marystella.

Nilirudi mjini napiga mluzi. Nilikuwa nimelipa kazi ya mwaka mzima kwa chuma nisichoweza kukiuza.

Sasa niwaambie alivyofanya kazi, kwa sababu nilikaa nikatazama Jumamosi nyingi, nikitafuta jinsi ya kuifanya mwenyewe nisimhitaji. Sikuipata.

Kwanza aliiosha kava kwa sabuni ya unga mpaka mafuta yakaisha. Kisha akachukua msasa wa maji, ule mkali, akauzungushia kipande cha kandambili iliyokatika, maana mpira unafuata mzunguko wa kava na ubao hauufuati. Akasugua kwa kwenda upande mmoja, huku akimwagia maji yenye sabuni, mpaka mikwaruzo yote ikalala njia moja. Halafu akabadilisha msasa, akachukua laini zaidi, akasugua kwa kukatiza. Alikuwa hahamii msasa unaofuata mpaka ile mikwaruzo ya kwanza iwe imekufa yote. Mimi ningeshahamia zamani. Upande wa ndani, pale kava inapokalia gasketi, hakuugusa kabisa. "Hapa ndipo oili inapozuiliwa," akasema. "Nikipachezea, pikipiki itajikojolea."

Msasa wa mwisho ulipomaliza, ndipo likaja la Kyela. Alichoma pumba za mpunga polepole mpaka zikawa majivu meupe, akayachekecha kwa kitambaa cha kanga, akayachanganya na mafuta kidogo ya mawese, akasugulia kwa kipande cha blanketi. Kava ikatoa weusi, akafuta, ikatoa weusi, akafuta. Mara ya nne niliona meno yangu.

Kwa ule unga mweupe alikuwa na dawa nyingine. Kakao ikivundikwa inachuruzisha maji makali kama siki. Wenzake waliyaacha yamwagike chini. Yeye alikinga ndoo.

Hadi mavuno ya mpunga alikuwa amemaliza injini tisa. Pikipiki iliyozama nilikuwa nimeshaipeleka uani kwake, maana alisema hawezi kufanya kazi ya mshahara asiouona. Kila jioni kabla ya kupika alifunga kitambaa chenye maji ya kakao pale penye ukoko, akakifungua kabla hakijakauka, akapiga mswaki wa meno uliochakaa, basi. Hakutia msasa hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini asiharakishe.

"Sufuria ukiisugua sana inatoboka," akasema. "Namba ni nyembamba kuliko sufuria."

Siku moja akanipigia simu. "Kaka Godwin, njoo na kadi."

Nilikwenda bila kadi. Picha yake nilikuwa nayo kwenye simu. Nikachuchumaa. Injini nzima ilikuwa inang'aa juani, na namba imesimama wazi, tarakimu baada ya tarakimu, isipokuwa ya mwisho. Ile ilikuwa ama tatu ama nane. Upande wake wa kushoto bado ulikuwa na ukoko.

"Tulisema yote," nikamwambia.

"Tulisema yote," akakubali. "Nipe wiki."

Ndani ya wiki hiyo akaja Fortunatus. Ni afisa kilimo aliyehamishiwa kwetu kutoka Rukwa, anazunguka mashamba ya kakao, na alikuwa ameiona ile pikipiki uani Bujonde. Alikuja kibandani kwangu akidhani bado ni yangu, akataja bei iliyonifanya niketi. Kwa bei ile ningenunua mbili zilizochoka.

Nikaenda Bujonde mbio.

"Dada Keziya, nimekuletea neema. Niachie ile, nikupe nyingine mwezi ujao. Nzima, namba yake inasomeka toka kiwandani."

"Nyingine ya nani?"

"Nitaitafuta."

"Kwa hiyo unanipa pikipiki ambayo haijapatikana, nikupe iliyopo." Akamgeukia mwalimu Marystella, ambaye siku hiyo alikuja na kiti chake kabisa. "Mwalimu, hesabu hiyo mnaifundisha darasa la ngapi?"

"Hatuifundishi," akasema mwalimu.

Nikaongeza. Nikasema na injini tatu zilizobaki nitamlipa taslimu. Akakataa. Nikamkumbusha kwamba tarakimu ya mwisho bado, na bila hiyo sina deni la kadi, na pikipiki bila kadi haifiki hata barabara kuu. Hilo halikuwa tusi, ilikuwa ni nafasi yangu, nami niliitumia.

Hakukasirika. Alifungua kile kitambaa, akapiga mswaki, akafuta. Akachana karatasi nyembamba ya daftari, akaibandika juu ya namba, akasugua juu yake kwa kidole chenye ule weusi wa alumini. Namba ikapanda kwenye karatasi. Akanikabidhi.

"Mimi macho yangu hayaoni karibu," akasema. "Nisomee."

Nilisoma moja moja. Ya mwisho ilikuwa na matumbo mawili, yamefungwa kushoto na kulia. Nane. Nikafungua simu nikatazama picha ya kadi. Nane.

Mwalimu Marystella alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Ningeweza kuzungusha maneno. Lakini nani mwingine Kyela nzima angenisugulia injini zangu? Anyelwisye alijaribu kava moja kwa mashine ya kusagia chuma, akaila mpaka ukingoni, ikavuja. Mnunuzi wa bei ile ya Fortunatus huja mara moja. Kava chafu zinakuja kila wiki.

"Kadi utapata kesho," nikasema. "Lakini mwaka ujao nataka niwe wa kwanza kwenye foleni yako. Kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Utakuwa wa kwanza," akasema Keziya. "Kwa bei ya injini. Ile ya sufuria imekufa leo."

"Mara mbili ya sufuria?"

"Mara tatu."

"Mbili na nusu, na misasa naleta mimi."

"Na mafuta ya mawese."

"Na mawese."

"Ndaga fijo, asante sana, kaka. Kaa, ule wali."

Kesho yake tulikwenda pamoja polisi, pikipiki ikaguliwe. Askari alisoma namba bila kuinama sana, akatazama injini, akauliza kama ni mpya. Anyelwisye alimfundisha Keziya kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Aliangusha goli la miti mara moja, na pikipiki mara mbili, na kila mara alikagua kava kabla ya kukagua goti lake.

Injini tatu zilizobaki alizisugua kama alivyoahidi. Fortunatus, alipoikosa ile, alichukua pikipiki moja kati ya hizo kumi na mbili kwa bei ya kawaida, akamtuma Keziya aizidishie mng'ao. Kumi na moja nyingine ziliondoka kibandani kwangu kabla msimu wa kakao haujaisha. Zamani kumi na moja zilinichukua mwaka na nusu.

Kwa hiyo mimi nilipoteza mauzo ya pikipiki moja, tena makubwa, na bei ya chini ambayo sitaipata tena. Nilipata mtu ambaye kazi yake inaniuzia. Keziya alipoteza Jumamosi zake, maana ndizo siku ninazompelekea kava. Alipata pikipiki yenye kadi kwa jina lake, na mpunga wa mwaka huu aliuwahi kabla ya ndege.