Turubai Chini, Blanketi Juu

Mama yangu anafundisha dini. Mbwa alikuwa wa baba mkwe wangu. Gari lilikuwa langu, na lilikuwa hilo hilo moja. Balaa zote za mwaka ule zilianzia hapo.

Baba mkwe alikuwa askari wa kitengo cha mbwa, Mkatoliki kutoka kaskazini, mrefu wa kuinama kila mlango, na mtaani kwake Naguru, hapa Kampala, aliendelea kuitwa Afande hata baada ya kustaafu. Mbwa wake wa mwisho alistaafu pamoja naye. Kisha kiharusi kikampiga Afande, kikamnyang'anya upande wa kulia na maneno yote. Dada yake aliyekuja kumuuguza akasema wazi kwamba ana mikono miwili tu, na mbwa hayumo. Mke wangu akamleta mbwa kwetu Kawempe, akamfunga nyuma ya nyumba, ndipo akaingia ndani kumweleza mama.

"Ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu," mama alisema. "Akae huko huko nje."

Nyumbani hapakuwa na shida. Shida ilikuwa Jumapili. Mkono wa kushoto wa Afande, ule mzima, ulilala pajani wiki nzima kama si wake, ila alipomwona mbwa. Hapo ulinyanyuka ukapiga paja, pa, pa, na mbwa akashuka garini kwenda kuweka kichwa pale pale palipopigwa. Mke wangu aliyaona hayo mara moja tu, akaamua kwamba kila Jumapili mbwa atapelekwa Naguru, mvua inyeshe jua liwake. Na kila Jumapili mama alikuwa na darsa la wanawake Nakawa, mbele kidogo ya hapo, na magoti yake yalikwisha kukataa bodaboda. Basi tukawa tunasafiri sote: mimi kwenye usukani, mama kando yangu, nyuma mke wangu na mstaafu.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mbwa si dhambi, ila mate yake ni najisi nzito. Nguo ikilowa mate hayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakuna neno. Watu wengine hufunika viti vya gari ili visichafuke na bei isishuke. Mimi nilivifunika ili mama yangu afike Nakawa akiwa anaweza kuswali. Kwenye buti, kando ya jeki, nikaweka mfuko wa udongo safi, na askari wa barabarani aliyeufungua siku moja alinitazama muda mrefu kabla ya kuniambia niende.

Mbwa yule alijua kunusa wezi. Kukaa garini hakujua, au ndivyo tulivyodhani. Alisimama safari nzima, ulimi nje, akihema juu ya bega la mama. Kila tuta lilimrusha mbele, kila breki ilimwangusha, na akiinuka alishikilia kiti kwa kucha. Mwenyewe alikuwa anateseka, hilo lilionekana. Mama naye aliinamia dashibodi mpaka Naguru, mtandio ameukusanya kifuani. Ukimya wa mama yangu unachosha kuliko maneno yake.

Jumapili ya pili alisema. "Siku atakayonilowesha kabla ya darsa, mwanangu, utachagua. Mimi au yeye."

Mke wangu aligeuka kutazama dirishani. Jibu langu alilijua, maana mama ni mama. Alijua pia nani angebaki barazani Naguru, mkono pajani, akingoja gari lisilokuja. Nami nilijua, na sikulala vizuri wiki hiyo.

Nikaanza na turubai, nikalitandaza kiti chote. Turubai halipitishi maji, hilo ni kweli, lakini lina utelezi wa ajabu. Kwenye mzunguko wa kwanza mbwa aliserereka kutoka mlango mmoja hadi mwingine, akamkumba mke wangu, akatapika. Nikagundua mambo mawili kwa mpigo: kwamba turubai linafanya kazi, na kwamba mbwa hapewi chakula kabla ya safari.

Nikampelekea fundi wa makochi hapo Kawempe. Akalishika turubai, akalipima kwa mkono.

"Tulubai hii ni ya nini?"

"Ya mbwa. Akae ndani ya gari."

"Mbwa nakaa kwa gari," alisema, akafikiri kidogo. "Na wewe ssebo, bwana mkubwa, nakaa wapi?"

Alipomaliza kucheka alifanya kazi ya maana. Alilishona kama machela, mikanda miwili ikafungwa kwenye vichwa vya viti vya mbele, miwili kwenye vya nyuma, likaning'inia katikati na kuziba pengo la miguuni. Juu yake akaniambia nitandike blanketi zito, mbwa apate pa kukanyagia. Turubai chini, blanketi juu. Mke wangu alibaki na pembe ya kiti, akasema ameshakaa pabaya zaidi kwenye magari ya polisi utotoni. Nikafungua dirisha la nyuma kidogo, pua ipite kichwa kisipite. Nikaacha kumpa chakula asubuhi. Nikaendesha kama nimebeba mayai, na madereva wa Kampala wakanitukana kwa lugha zote wanazozijua.

Mbwa akaacha kutapika na kuteleza, lakini bado alisimama. Tulimwamuru keti, tukamwamuru lala, amri alizozitii uani bila ubishi. Ndani ya gari alitutazama kwa heshima na kuendelea kusimama, mate yakining'inia karibu na bega la mama. Neno lake la garini lilikuwepo, mke wangu alikuwa na hakika. Aliyelijua alikuwa Afande, na Afande alikuwa hana tena neno lolote.

Jumapili moja mvua ilinyesha, na kwenye barabara ya mzunguko lori likatukosakosa. Mama husoma dua ya safari moyoni. Siku hiyo aliinua mikono akaisoma kwa sauti, kisha akaendelea kwa Kiswahili, akatuombea sisi, gari, na mwenye lori apate akili. Mke wangu, kwa adabu ya mkwe, akaitikia, "Amina."

Nyuma yangu pakasikika kishindo. Nilidhani tumegongwa. Nikatazama kwenye kioo, mbwa simwoni. Alikuwa amelala, kidogo kwa ubavu, kidevu juu ya blanketi, mdomo umefungwa.

"Baba!" mke wangu akasema, mkono mdomoni. "Baba alikuwa naomba kabla gari ya doria kuondoka. Kila siku. Akisema Amina, mbwa zote nalala."

Nikacheka mpaka nikaegesha gari. Mama hakucheka. Alifikiri mpaka tulipofika Naguru, na mimi nikaanza kuogopa kwamba sasa tumeharibu zaidi, maana neno tukufu limetumika kwa mbwa. Hatimaye akageuka, akamtazama mbwa kwa mara ya kwanza usoni.

"Amesikia dua akatulia," alisema. "Nina wanafunzi ambao hawajafika hapo."

Tangu siku hiyo hatukuondoka Kawempe bila dua, na bega la mama lilibaki kavu. Mama aliomba, mke wangu akaitikia, mbwa akalala. Baadaye mama akaanza kumwongeza Afande katika dua yake, kwa cheo chake.

Afande alikufa katikati ya wiki. Tulikwenda na mbwa, maana mke wangu alisema ni wa familia, na hakuna aliyembishia. Ua ulikuwa umejaa viti vya plastiki na askari wastaafu. Nilifungua mlango wa nyuma. Mbwa hakushuka. Alilala pale pale kwenye blanketi lake, macho barazani, kwenye kiti kitupu. Tulimwita. Tulimvuta kwa mkanda. Mtu akaleta nyama kutoka kwenye sufuria ya matanga. Jua lilikuwa kali, gari lilikuwa tanuri, naye akihema, akingoja kuitwa na mwenyewe. Katekista alianza sala, watu wakaitikia Amina, na kila Amina ilimbandika zaidi kwenye blanketi. Mke wangu, ambaye hakuwa amelia tangu simu ilipopigwa, aliegemea mlango wa gari akalia kwa sauti. Nilisimama kando yake na bakuli la maji.

Mama alikuwa ameketi na wanawake mkekani. Aliinuka kwa shida, magoti hayo, akapanda barazani na kuketi kwenye kiti cha Afande. Akakunjua baibui lake juu ya paja. Akapiga kwa mkono wa kushoto, pa, pa.

Mbwa akashuka. Alipita katikati ya askari wote, akapanda ngazi, akaweka kichwa pajani kwa mama, mdomo wazi, ulimi nje, mate yakichuruzika. Mikono ya mama ilibaki hewani. Doa likatanuka kwenye nguo, na mimi nikalitazama likitanuka.

"Ule udongo umo kwenye gari?" aliniuliza.

"Umo, mama."

"Haya," alisema, akamshushia mkono kichwani. "Basi mwacheni."